Ngalawa namba 9 ilipokaa kimya

Simu kutoka Muscat iliingia saa 4 na dakika 11 asubuhi, siku ya Idi pili, Idi ya Mfungo Tatu. Shangazi hakungoja hata shikamoo yangu.

"Imepotea vipi?"

"Nini, shangazi?"

"Unaniuliza mie? Si wewe uliyeandika! Namba tisa. Hapa pana maandishi mekundu, IMEPOTEA."

Nilikuwa nimekaa chini ya mkungu ufukweni Nungwi, kompyuta mapajani, taulo kichwani nipate kuona skrini kwenye jua lile. Nikainua macho. Baharini matanga yalikuwa 14, nikayahesabu mara mbili, na lile lenye kiraka cha buluu, la namba tisa, lilikuwa la pili kutoka mbele likienda vizuri kabisa. Nikamwambia, "Shangazi, naiona kwa macho yangu." Hakuniamini. Nikageuza simu nimwoneshe kwa video, na video nayo ikaganda. Nikasikia watu wa nyumbani kwake wakiulizana kwa sauti za juu, na mmoja keshaanza kusoma dua.

Kwenye namba tisa yumo mwanawe.

Mmekuwa mkiniomba niandike jinsi ule ukurasa wa mashindano ya ngalawa ulivyotengenezwa, seva zipi, nini kinaongea na nini. Naandika leo. Ila mjue mapema kwamba katika miezi minne ya kazi, kasi ndiyo niliyoihangaikia, na kasi siyo iliyoniaibisha.

Ukurasa wenyewe ulikuwa hivi. Unabonyeza kiungo, unafunguka kwenye kivinjari cha simu, hakuna cha kupakua. Unaona bahari ya Nungwi kwa michoro ya pande tatu, niliyoichora kwa Three.js, ile maktaba aliyoianzisha Ricardo Cabello mwaka 2010. Maji yanapwa na kujaa kwa jedwali la siku hiyo. Tanga linageukia upande ule ule liliogeukia tanga la kweli. Ukiburuta kidole unaweza kujiweka omoni mwa ngalawa unayoitaka, ukatazama mbele kama baharia, na ukivaa spika za masikioni unasikia upepo ukizidi kila chombo kinaposhika mwendo. Wenye fani hii wana neno lao la kumfanya mtazamaji ajione yumo ndani: wanasema amezama. Neno hilo sikuliandika popote. Kwetu hakuna anayemwombea mwenzake azame.

Kwa nini nisirushe video tu? Kwa sababu ukipiga picha kutoka ufukweni, ngalawa zikishafika mbali huoni ila vitone vyeupe. Ukipiga ukiwa ndani ya ngalawa, unaona mgongo wa mtu na maji. Na video inakula bando la mtazamaji vibaya mno. Lakini ukijua kila sekunde ngalawa iko wapi, inaelekea wapi na imelala upande kiasi gani, basi simu ya mtazamaji inaweza kuchora yaliyobaki yenyewe.

Wazo si langu. Animation Research, kampuni ya Dunedin kule New Zealand, ilikuwa ikichora mashua za America's Cup, yale mashindano makubwa ya mashua za matanga, kwa pande tatu kwenye televisheni tangu 1992. Mwaka 2013 San Francisco, mfumo wa mhandisi wao Stan Honey ulikuwa unajua kila mashua ilipo kwa usahihi wa sentimita 2. Wao walikuwa na helikopta. Mie nilikuwa na simu 14 za vijana wenyewe, mifuko ya plastiki ya kuzuia maji, na tyubu la baiskeli nililolikata vipande nikafungia mifuko kwenye milingoti. Kila simu nikaitilia bando la MB 200 kwa pesa yangu, nikaiwekea programu ndogo ya Android inayosoma GPS na kutuma. Hilo bando likumbukeni.

Sasa hiyo safari ya data. Simu iliyo mlingotini haimjui mtazamaji hata mmoja, na haina haja ya kumjua. Inamjua dalali. Nimelipenda neno hili tangu nilipoanza kutumia MQTT, kanuni ya vifaa kupelekeana ujumbe mfupi mfupi, maana kwa Kiingereza nako kile kituo cha katikati kinaitwa kwa jina hilo hilo la kazi, na ukienda mnadani pwani asubuhi unaona kinavyofanya. Mvuvi anamwaga samaki mbele ya dalali, anaondoka. Anayetaka changu amesimama upande wa changu, anayetaka pweza upande wa pweza. Mvuvi hajui nani kanunua, mnunuzi hajui nani kavua, na biashara inakwenda. MQTT waliitunga Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper mwaka 1999 kwa ajili ya kuangalia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo kila baiti ina gharama na mawasiliano yanakatika yanapotaka. Ukiniuliza, waliitunga kwa ajili ya mnara mmoja wa simu unaohudumia ufukwe mzima siku ya Idi.

Kutoka kwa dalali, programu yangu inakusanya nafasi zote 14, inazifunga furushi moja, inalisukuma kwa watazamaji kwa WebSocket. Hii ni njia iliyopata kanuni zake rasmi Desemba 2011: kivinjari kinafungua mlango mara moja na mlango unabaki wazi, pande zote mbili zinasema zinapotaka, badala ya simu kubisha hodi kila sekunde kuuliza "Kuna jipya?" Hodi hizo zenyewe ndizo zilizokuwa zikimaliza data za watu zamani.

Nilianza kwa kukodi seva Frankfurt, kwa sababu ni rahisi na nimeizoea. Kwenda na kurudi kutoka Nungwi, milisekunde 170 hivi. Hapo huna wa kumlaumu ila mwanga wenyewe: ndani ya nyuzi za kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kebo ya kilomita 10,000 inakuchukulia milisekunde 100 kwenda na kurudi kabla hujakutana na foleni yoyote. Nikasema nisogee karibu, nikahamia Cape Town. Kwa mtandao mmoja wa simu mambo yakawa mazuri. Kwa mwingine, nilipofuatilia njia, pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, ilikuwa inapanda Ulaya kwanza ndipo ishuke Afrika Kusini, milisekunde zaidi ya 300! Mtu anatoka Nungwi kwenda Mkokotoni anapitia Makunduchi. Mwisho nikakodi kijiseva Dar es Salaam, kwenye jengo lililounganishwa na kituo cha kubadilishana intaneti, na nikapata chini ya 50.

Kuna sababu nyingine ya kuja Dar, nayo ni kumbukumbu ya Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika siku moja huko kusini baharini. Aliyekuwa Tanzania anakumbuka. Vilivyokuwa ndani ya nchi vilikuwa vinafunguka, vya nje ndivyo vilivyokuwa vinazunguka tu. Tangu siku hiyo, mradi wowote ambao watazamaji wake wengi wako hapa, mie siuweki Ulaya.

Lakini acheni nijisute. Hizo wiki tatu za kuhamahama zilikuwa za bure. Ngalawa ikienda vizuri, mafundo 6, ni kama mita 3 kwa sekunde. Katika milisekunde 170 imesogea nusu mita. GPS ya simu yenyewe, kweupe kabisa bila mti wala ukuta, inakosea kama mita 5. Nilikuwa nafukuza nusu mita ndani ya kosa la mita tano. Hata shangazi asingejua kama anaona kilichotokea sasa hivi au sekunde tatu zilizopita, na kama mtakavyoona, mwishowe niliamua kumwonesha kilichotokea sekunde tatu zilizopita.

Uzito wa data ndio uliostahili jasho. Toleo la kwanza lilikuwa linatuma maandishi ya JSON, yale ya kila kitu na jina lake, mabano na nukta pacha. Kama baiti 180 kwa ngalawa. Mara 14, mara sekunde 5,400 za mashindano ya saa moja na nusu: zaidi ya MB 13 kwa kila mtazamaji. Mtu aliyenunua bando la siku kwa shilingi za kuhesabu hakuombi ruhusa kufunga ukurasa wako. Nikakaa usiku mmoja nikakata. Namba ya ngalawa, baiti 1. Wakati, 4. Mashariki-magharibi, 2, na kaskazini-kusini, 2. Hizo mbili zinatosha kwa sababu eneo lote la mashindano ni kilomita 10 kwa 10, na ukiligawa mara 65,536 kila hatua ni kama sentimita 15. Kasi, 1. Uelekeo, 1, hatua moja ikiwa nyuzi 1.4. Kulala kwa chombo, 1. Jumla baiti 12. Mashindano mazima yakawa chini ya MB 1, bila kuhesabu bahasha ambazo intaneti inaongeza yenyewe.

Saa nazo zilinipa kizunguzungu, ila kisa chake ni kifupi. Kamati iliniandikia kwamba ngalawa zinatweka saa 3 kamili. Kijana aliyekuwa ananisaidia, hodari kweli, akajaza 03:00 kwenye kuhesabu muda. Siku moja kabla ya mashindano ukurasa ukaanza kutangaza kwamba mbio zitaanza saa 9 usiku, na Muscat, ambako saa iko moja mbele yetu, watu wakaanza kuulizana kama Nungwi siku hizi wanashindana gizani.

Vigelegele ndivyo vilivyonitisha zaidi. Niliweka kitufe: ukibonyeza, kigelegele kinasikika na nyota inaruka juu ya ngalawa unayoishangilia, na wengine wote wanakisikia. Jioni ya majaribio tulikuwa watu 40, ndugu na marafiki. Nikasahau kwamba ndugu wana watoto. Mtoto habonyezi mara moja, anabonyeza mara tano kwa sekunde. Watu 40 mara 5 ni ujumbe 200 kwa sekunde unaoingia, na kila mmoja lazima urudi kwa watu 40: ujumbe 8,000 unaotoka. Kijiseva changu kikaanza kuhema, ngalawa zikasimama baharini, vigelegele vikaendelea. Nikachukua kalamu nikapiga hesabu ya watu 600: 3,000 kuingia, 1,800,000 kutoka, kila sekunde. Ngalawa zenyewe kumbe ni kitu kidogo tu, wanaoua seva ni watazamaji wakitaka kusikiana.

Dawa yake ni ya harusini. Ukiwa ukumbini huwasikii wanawake 200 mmoja mmoja, unasikia ukumbi. Kwa hiyo seva sasa inahesabu tu: katika nusu sekunde hii, namba tisa imepata vigelegele 212, namba nne 80. Inatuma hesabu hiyo kwa wote, na simu ya kila mtu inatengeneza kelele inayolingana. Watoto wakabonyeza mpaka vidole vikachoka na seva haikuwa na habari.

Sasa nije kwa Ami. Ami yangu amekuwa nahodha miaka mingi, Nungwi, Pemba, Tanga, kabla hajaumwa mgongo. Nilimwendea kumwomba anisaidie kuchora mkondo wa maji, nikamwonesha tatizo langu: data hazifiki sawasawa kila sekunde. WebSocket inapita juu ya TCP, kanuni ya intaneti inayofikisha pakiti kwa mpangilio, na TCP haikubali kuruka foleni. Pakiti moja ikipotea hewani, zilizo nyuma yake zinasubiri hadi ile iliyopotea iletwe tena. Kwa mtazamaji, ngalawa inaganda sekunde mbili halafu inaruka kama panzi. Ami akatazama skrini, akasema, "Sisi tulikuwa hatuoni nchi kavu usiku kucha, na tulikuwa hatugandi."

Akanieleza la kumbi. Unatupa kumbi la nazi omoni, unahesabu mpaka lipite tezi. Urefu wa chombo unaujua, kwa hiyo mwendo umeujua. Upepo unauona, mkondo unaujua kwa mwezi, bamvua au maji mafu. Unasema: tumekwenda hivi kwa muda huu, basi tuko hapa. Ukiona mnara wa taa unasahihisha.

Watu wa kompyuta wanafanya hivyo hivyo, na jina la njia hiyo, dead reckoning, waliliazima kwa mabaharia. Miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilikuwa na mradi wa SIMNET, vifaru vya kompyuta vilivyounganishwa kwa mtandao mwembamba. Kila kifaru kilikuwa na picha yake kama wenzake wanavyomdhania, na hakisemi kitu mpaka ukweli utofautiane na dhana hiyo kwa kiasi fulani. Mwaka 1996 John Carmack, kwenye mchezo wa kompyuta wa QuakeWorld, naye aliifanya kompyuta ya mchezaji itabiri mwendo wake badala ya kungoja seva imruhusu kila hatua.

Nikafanya yote mawili. Skrini inaonesha bahari ya sekunde tatu zilizopita, kwa hiyo mara nyingi nafasi ya kabla na ya baada zote zimeshafika, na ngalawa inapita katikati yake kwa ulaini. Zikikosekana, inakadiria kama Ami. Na simu ya mlingotini haitumi tena kila sekunde: inatuma pale tu ngalawa inapokwenda tofauti na makadirio kwa zaidi ya mita 4. Mwendo ulionyooka ukawa hauna ujumbe karibu kabisa. Wakibisha, wakigeuza tanga, ndipo zinamwagika. Nilikuwa najiona bingwa. Data zimepungua, mwendo laini, betri inadumu.

Na hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Maana sasa kimya kilikuwa na maana mbili. Kimya cha kwanza: ninakwenda kama unavyodhani, sina jipya. Kimya cha pili: simu imekufa. Na kwa mtazamaji vyote viwili ni kitu kimoja.

MQTT ina jibu lake, na jibu hilo linaitwa wosia. Simu inapojiunga na dalali inamwachia ujumbe: nikikatika bila kuaga, watangazie hili. Unapanga pia kila baada ya muda gani simu lazima iseme "nipo", hata kama haina habari. Dalali anangoja muda huo na nusu yake. Asiposikia kitu anaihesabu imekatika na anausoma wosia. Nilipanga sekunde 20, kwa hiyo 30. Na ndani ya wosia, usiku, nikiwa na usingizi, na kwa kuwa mie ni mtu wa kompyuta ambaye kwake kitu kilichopotea ni muunganisho tu, niliandika neno moja. Sikuwa hata nimepanga watazamaji walione. Lilikuwa la kwangu, la daftari la seva. Lakini msimbo uliokuwa unachukua hali ya kila ngalawa ulichukua na hiyo, ukaiweka juu ya tanga, na kwa kuwa haikuwa hali ya kawaida, ukaipaka nyekundu.

Mtu wa Nungwi haambiwi chombo kimepotea. Usiku wa Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, kwenye mkondo huo huo tunaoutazama tukinywa chai, na watu wa kijiji hiki ndio waliokwenda na vyombo vyao kuokoa. Ami alikuwa mmoja wao. Haongelei. Katika lugha ya nyumbani kwetu neno lile halina maana ya "mtandao umekatika".

Kilichotokea namba tisa kilikuwa cha kuchekesha, kwa aliyekuwa na moyo wa kucheka siku ile. Kijana, huyo mtoto wa shangazi, alikuwa amechomoa simu mfukoni katikati ya mbio, akawa anarusha laivu. Kwa bando langu. Dakika ishirini na kitu za video zikamaliza MB 200, laivu ikakatika, na programu yangu nayo ikakosa pa kupitia. Mama yake kule Muscat alikuwa na vifaa viwili mbele yake: kwenye kimoja anatazama laivu ya mwanawe, kwenye kingine ukurasa wangu. Vyote viwili vikanyamaza kwa pamoja, na sekunde 30 baadaye kimoja kikaandika lile neno. Mngemfanya nini mama huyo? Na kwa sekunde 30 zote hizo ngalawa yake ya michoro ilikuwa inaendelea kukata maji kwa furaha, tanga limejaa, kwa makadirio yangu mazuri. Ndiyo, nusu dakika nzima nilikuwa namdanganya, kisha nikamtisha.

Namba tisa ilitoka ya pili. Jioni nikaenda kwa Ami, nikamsalimia, akaniitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekwishasikia. Nikamuuliza: enzi zenu, chombo kikiwa baharini na nyie mko pwani, hamkioni, lakini hamna hofu nacho, mlikuwa mnasemaje?

"Tulikuwa tunasema hatukioni."

"Basi?"

"Basi. Kimepotea, hiyo ni habari ya chombo. Hatukioni, hiyo ni habari ya macho yetu. Wewe ulikuwa na habari ya chombo?"

Sikuwa nayo.

Niliubadilisha ukurasa wiki ile ile, na mabadiliko yalikuwa madogo kwa mistari ya msimbo. Simu inasema "nipo" kila sekunde 5, na habari hiyo inafika hadi kwa mtazamaji badala ya kuishia kwa dalali. Kwa hiyo kimya cha heri kinaonekana ni cha heri: kuna nukta ndogo ya kijani chini ya ngalawa inayopumua. Sekunde 10 bila nukta, tanga linaanza kuwa jepesi, unaona bahari nyuma yake. Sekunde 20, ngalawa inaacha kuchorwa kama ngalawa. Panabaki duara juu ya maji, linatanuka kadiri muda unavyokwenda, kwa kasi ya mwisho tuliyoijua: baada ya nusu dakika lina mita 90 kila upande. Maana yake, iko humu ndani mahali. Na maandishi, kwa rangi ya kijivu: "Hatuioni tangu saa 4:10." Saa za kwetu, hesabu ya kwetu. Seva ndani inatunza saa kwa UTC, saa ya kimataifa.

Jambo jingine: simu ikirudi hewani huwa imelimbikiza nafasi mia mbili za nyuma, na zamani ilikuwa inazimwaga zote mara moja, ngalawa ikakimbia kama roketi kuzikamata. Sasa za nyuma zinaingia kwenye daftari kwa ajili ya marudio, na skrini inachukua ile ya mwisho tu. Na mshindi anaamuliwa na mzee mwenye bendera ufukweni. Hilo nilikataa kuliweka mikononi mwa programu tangu siku ya kwanza, ingawa kamati walikuwa wamekwishafurahi.

Watu wa fani wataniuliza mbona sikuhamia WebRTC au WebTransport, ambako pakiti iliyopotea inaachwa ipotee na foleni inaendelea. Nilizijaribu. Kwa data ndogo kama hizi, na skrini inayoonesha sekunde tatu zilizopita, sikuona tofauti, na usumbufu wa kuzitunza niliuona. Ningekuwa natengeneza mchezo wa ngumi ningesema jingine.

Mashindano yaliyofuata, namba tisa ilinyamaza tena. Ilikuwa kisiwani tu, mnara wa simu haufiki upande ule. Tanga likawa jepesi, duara likatokea, maandishi ya kijivu. Nikaweka simu kando nikingoja iite. Haikuita. Baadaye kidogo ukaingia ujumbe wa sauti kutoka Muscat, na nyuma ya sauti ya shangazi nasikia vikombe.

"Mwanangu, wewe humuoni, mie nilimuona kwenye laivu dakika mbili zilizopita, anacheka badala ya kushika kamba. Nimekutumia pesa. Nunua mabando mawili: moja la ngalawa, moja la ujinga wake. Na uyatenganishe."